Sindano ya Ugonjwa Mwingine

Kambare akishakatwa kichwa huendelea kupiga mkia, kwa hiyo wanawake wa mstari wa minofu hujifunza kumshika kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole. Ondrea Tolliver alikuwa akiwashika hivyo tangu alfajiri, kisu mkono wa kulia, glovu ya nyuzi za chuma mkono wa kushoto, miguu ndani ya mabuti ya mpira juu ya sakafu inayomwagiwa maji baridi kutwa nzima. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba tena. Ulijaa ndani ya buti kama mto ulioshindiliwa pamba.

"Hebu inua mguu, wee," alisema Quintella, jirani yake kwenye mkanda wa kupitishia samaki. "Daktari si kakwambia usisimame kama mlingoti?"

"Niinue niuweke wapi? Hapa mezani, muutoe minofu?"

"Mguu wenyewe mifupa mitupu huo, bosi ataurudisha bwawani."

Wakacheka, kisha wakaacha, maana msimamizi Hollis alikuwa anakuja na ubao wake wa kuandikia.

"Tolliver, una mgeni. Chumba cha mapumziko. Na ukitoka kwenye mkanda ujue hiyo ni pointi."

Kiwandani kwetu mtu hafukuzwi kazi. Anajazwa pointi mpaka anamwagika. Ondrea alikuwa karibu kumwagika, kwa sababu ya siku za kliniki, na za mguu, na zile za kuzika. Lakini hakuuliza mgeni ni nani. Mlango wa kupakia ulikuwa wazi, na wote walikuwa wameliona lile gari jeupe dogo lenye nembo ya jimbo likiegeshwa karibu na mapipa ya vichwa vya samaki. Hakuna asiyelijua gari hilo katika mji wetu. Likisimama mlangoni kwako, huhitaji tangazo, watu wamekwisha kujua kwamba una ugonjwa wa chumbani.

"Lisemwalo lipo," mtu akasema huko mwisho wa mstari.

"Kama halipo laja," mwingine akamjibu, na kicheko kikapita chini chini kutoka meza hadi meza. Quintella peke yake hakucheka.

Bi Vonetta Pruitt wa ofisi ya afya ya wilaya alikuwa ameketi karibu na mashine ya soda, mkoba juu ya magoti. Alikuwa mtu wa hapa hapa, mweusi kama sisi, aliyesoma darasa moja na shangazi yake Ondrea. Kazi yake ilikuwa kuwasaka wagonjwa wa kaswende na mengineyo ya jamii hiyo, na kuwauliza wamelala na nani.

"Kaa, mwanangu. Kipimo kimerudi. Bado damu inaonyesha kaswende."

"Bi Vonetta, nilikueleza kwenye simu."

"Ulinieleza. Na mimi nakuuliza kama ninavyouliza kila mtu. Ukimtoa mumeo Lavon, nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mimi sikuhukumu."

"Hunihukumu, ila unaniuliza mlango ukiwa wazi."

Bi Vonetta aliinuka akaufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, na heri angekuwa mbaya, maana mbaya unaweza kumtukana ukapumua.

Mambo yalikuwa hivi. Ondrea alikuwa amepoteza watoto wawili. Wa kwanza alitoka mapema kabisa, kabla hata tumbo halijaonekana. Wa pili alikuwa msichana, alishapewa jina, alishanunuliwa soksi, akafa tumboni mimba ikiwa imevuka nusu. Hospitalini walipima damu, na kipimo cha kwanza kikasema kaswende. Kabla cha pili cha kuhakikisha hakijarudi, walikwisha kumchoma sindano za penisilini na kulipeleka jina lake wilayani. Cha pili kiliporudi kikasema hana kaswende wala hajawahi kuwa nayo. Hakuna aliyempigia simu kumwambia. Swali la kwa nini mtoto amekufa lilikuwa limekwisha kupata jibu, na watu wakishapata jibu hawatafuti tena. Huku kwetu damu ya mwanamke mweusi maskini ikisema jambo lisiloeleweka, cha kwanza kuulizwa ni kitanda chake.

Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya wiki kumi. Wiki iliyopita daktari mpya wa kliniki, Daktari Shenoy, kijana anayeongea haraka haraka, aliutazama mguu ule, akauliza habari za watoto wale, akapima damu kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Jumatatu alimketisha akamweleza.

"Mwili una askari wake, wanaitwa kingamwili. Kazi yao kupigana na vijidudu. Askari wako wamemkosea adui, wanapigana na wewe mwenyewe. Wanashika mafuta fulani yaliyo katika chembe zako. Na kile kipimo cha kwanza cha kaswende kimetengenezwa kwa mafuta ya aina hiyo hiyo, ndiyo maana kinadanganyika."

"Kwa hiyo sina kaswende?"

"Huna. Una damu inayoganda pasipotakiwa. Imeganda mguuni. Na nadhani iliganda kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na hewa."

Dawa ipo, alisema. Sindano ndogo ya heparini tumboni kila siku, na kidonge kidogo cha aspirini, mpaka kujifungua na baada yake. Wanawake wengi wa hali hiyo wanazaa salama wakiipata mapema. Ondrea alitoka nje akakaa kwenye ukingo wa saruji wa maegesho, akalia mpaka mlinzi akamletea maji. Hakulia kwa hofu. Alilia kwa sababu tangu azike alikuwa akiamini kwamba ni yeye aliyewaua watoto wake kwa uchafu asioujua, na sasa mtu mzima mwenye akili zake alikuwa amemwambia siyo.

Daktari alimpa sindano chache za kuanzia huku bima ya serikali ikisubiriwa kukubali nyingine. Ya mwisho alijichoma asubuhi ile ile kabla ya kwenda kazini. Ya kesho hakuwa nayo.

"Njoo ofisini leo kabla hatujafunga," alisema Bi Vonetta akifunga mkoba. "Nesi atakuwepo. Sindano ya penisilini ni bure. Lavon nimeshamwita naye."

"Na nisipokuja?"

"Nitaandika umekataa matibabu. Usinifanye niandike hivyo, mwanangu, una mimba."

Ondrea alirudi kwenye mkanda akafanya kazi mpaka zamu ilipoisha. Kwenye maegesho alimkuta mama mkwe wake, Bi Earline, ndani ya gari lake refu la zamani, injini ikinguruma, kiyoyozi kikipuliza hewa ya moto. Lavon alikuwa amechukua gari lao. Tangu Jumanne, siku Bi Vonetta alipompigia simu, alikuwa analala kwenye kochi la mama yake.

"Ingia. Unanuka samaki."

"Nafanya kazi ya samaki, Bi Earline."

"Sijakulaumu, nimesema unanuka. Mumeo yuko kwangu ananimalizia nyama ya friji na haongei. Nimelea mwanamume au nimelea paka?"

Ondrea aliegemeza kichwa kwenye kioo. Mabwawa ya kambare yalikuwa yakipita pande zote mbili, na mashine za kupuliza hewa majini zikirusha povu.

"Twende duka la dawa kwanza, tafadhali. Halafu wilayani."

"Tutakwenda. Lakini nisikilize. Jumapili utasimama."

Kusimama maana yake ni kutoka pale ulipoketi, ukaenda mbele ya mimbari ukaomba radhi kwa dhambi iliyojulikana. Kanisa letu bado linafanya hivyo. Waumini wananyoosha mikono juu kukusamehe, halafu kunaliwa kuku, na baada ya hapo ni mwiko mtu kukutajia jambo hilo. Bi Earline alikuwa mama wa kanisa, wa safu ya mbele, gauni jeupe na glovu nyeupe.

"Nisimame nisamehewe nini?"

"Unaniuliza mimi? Gari la Vonetta limefika kiwandani mchana kweupe. Nimepigiwa simu na watu wanne kabla sijamaliza kumenya viazi. Simama, yaishe. Mimi nilisimama nilipombeba Lavon bila mume. Ulidhani huyo kijana aliletwa na posta?"

"Wewe ulikuwa na la kusema. Mimi nikisimama nitakuwa nimesema uongo kanisani."

Bi Earline aliongeza mwendo. Hakuwa amezoea kujibiwa hivyo ndani ya gari lake mwenyewe.

Kwenye duka la dawa, mfamasia Tadlock, mzungu mwembamba mwenye miwani, alianza kutikisa kichwa kabla Ondrea hajafika kaunta.

"Watu wa bima wameikataa, Bi Tolliver. Nimewapigia mara mbili. Ngoja nipige uwasikie mwenyewe."

Aliiweka simu kwenye spika. Ikapiga muziki muda mrefu. Bi Earline, aliyekuwa ameingia kutafuta dawa ya mafua, alisogea taratibu na fimbo yake, akijifanya anasoma chupa. Mwishowe ikaja sauti ya mwanamke, tamu, isiyo na haraka.

"Ombi limekataliwa kwa sababu mbili. Moja, ugonjwa huu unahitaji vipimo viwili vilivyopishana wiki kumi na mbili. Tuna kimoja."

"Nina mimba ya wiki kumi," alisema Ondrea. "Nikingoja kumi na mbili nyingine nitakuwa pale pale alipofia mwanangu wa pili."

"Pole sana, naelewa."

"Ungeelewa usingesema ningoje."

"Sababu ya pili, vifo vya watoto vina maelezo mengine kwenye kumbukumbu. Kaswende. Imeandikishwa wilayani."

Tadlock aliinamia simu. "Dada, mbele yangu hapa nina kipimo cha kuhakikisha. Kinasema hasi. Cha wakati ule na cha sasa, vyote hasi."

"Ndiyo, na mimi naviona. Ni hasi. Lakini alitibiwa."

"Alitibiwa kwa makosa!"

"Wilaya ikilifuta jina na kuthibitisha kwamba haikuwa kaswende, tunaweza kulipitia ombi upya kwa dharura. Hata leo. Kuna jingine naweza kukusaidia?"

Hakukuwa na jingine. Ondrea aliuliza kama anaweza kuzinunua mwenyewe, na Tadlock akamtajia bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja msiba. Akamwambia pia kwamba duka lingekuwa wazi mpaka saa mbili usiku, na kwamba dawa alikuwa nayo, ile pale, kwenye rafu nyuma yake. Ondrea aliitazama. Ilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuifikia kwa mkono.

Kwenye gari Bi Earline hakuwasha injini.

"Yule wa kwenye simu amesema hasi. Hasi ni kwamba hamna?"

"Hamna."

"Na wakati ule wa mtoto, hamna?"

"Hamna, Bi Earline. Haijawahi kuwepo."

Bi kizee alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Baba yangu mdogo alikuwa wa kule Tuskegee," akasema. "Watu wa serikali walikuja na gari vile vile. Wakamwambia ana damu mbaya, ndivyo walivyoiita kaswende. Miaka nenda miaka rudi wakamtazama anavyooza, dawa ipo, hawakumpa. Wewe huna, wewe wanakuchoma. Yaani hawa watu hawawezi kupatia hata siku moja?" Akageuka kumtazama Ondrea. "Mimi ndiye niliyemwambia Lavon alale kwangu. Nimekukosea, mwanangu. Nimekukosea vibaya."

"Twende, Bi Earline. Watafunga."

Ofisi ya afya ya wilaya ni jengo la matofali nyuma ya mahakama. Lavon alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya kazini kichwani, suruali imejaa vumbi la chakula cha samaki. Aliinuka alipomwona mkewe, kisha akawa kama hajui alichoinukia.

"Wamenipima," akasema. "Mimi sina kitu."

"Hata mimi sina."

"Drea, karatasi ya wilaya imesema unayo. Yangu imesema sina. Sasa mimi niseme nini? Kule bwawani wananiuliza nani kaniachia zawadi."

"Na wewe umewajibu nini?"

Lavon akatazama viatu vyake. Hapo mama yake alimpiga begani kwa mkoba, mkoba mzito wa mama wa kanisa, wenye Biblia ndani.

"Amekuuliza umewajibu nini!"

"Sikuwajibu kitu, mama."

"Basi nyamaza hivyo hivyo usikilize."

Bi Vonetta aliwaita ndani. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha kupimia kimetandikwa karatasi, na nesi amesimama kando ya sinia lenye sindano mbili nene, tayari. Ondrea alieleza yote aliyosikia kwenye simu, akajitahidi asiinue sauti. Lifutwe jina tu, leo, na dawa ya mtoto ingepatikana jioni hiyo hiyo. Bi Vonetta alisikiliza, akafungua kompyuta, akasoma kwa muda mrefu.

"Kipimo cha pili ni hasi kweli," akakiri.

"Basi futa."

"Sina uwezo wa kufuta. Jina likiingia huku na matibabu yakaandikwa, limeingia. Kwenye mfumo, aliyetibiwa ni kwamba aliugua."

"Nilitibiwa kwa sababu mlinitibu!"

"Najua inavyosikika."

"Nani ana uwezo?"

"Makao makuu ya jimbo." Bi Vonetta, na hili tumpe haki yake, aliinua simu akapiga. Akajieleza, akangojeshwa, akajieleza tena kwa mtu mwingine. Alipoiweka chini hakumtazama Ondrea. "Wanataka barua ya daktari. Wanajibu ndani ya siku tisini."

Nesi alikohoa kidogo. Ilikuwa karibu saa ya kufunga.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Bi Vonetta, na alisema kwa upole. "Penisilini haitakudhuru, wala mtoto. Ukichomwa leo, nafunga faili. Yako na ya Lavon. Sitakuja tena kiwandani. Hutaliona gari langu mlangoni kwako, hutaniona mimi. Hicho ndicho ninachoweza kukupa."

Lavon alivuta pumzi. "Chomwa tu, Drea," akasema taratibu. "Si wanasema haidhuru? Chomwa, turudi nyumbani. Wote wawili. Nimechoka kulala kwa mama."

Na Ondrea alitaka. Msimwone shujaa. Alikuwa amechoka, mguu unamwuma mpaka kwenye nyonga, na alimtaka mumewe kitandani mwake na watu wa mkandani wanyamaze. Alipanda kitandani, karatasi ikakwaruza chini yake, akaanza kulegeza mkanda wa suruali. Nesi akachovya pamba kwenye spiriti.

"Ukishafunga faili," Ondrea akauliza, "jina litasomekaje?"

"Litasomeka umetibiwa."

"Mara ya pili."

"Mara ya pili, ndiyo."

"Na yule wa bima akifungua kesho atasema, kumbe hata wilaya imemtibu tena. Kumbe ni kaswende kweli."

Bi Earline, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Ee Yesu," kwa sauti ndogo kabisa.

Ondrea alikaza mkanda wake tena. Alifanya polepole kwa sababu vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi kwa baridi ya samaki. Alishuka kitandani akasimama kwa mguu mzima, na Lavon, bila kuambiwa na mtu, akaja akamshika kiwiko.

"Sichomwi," akasema Ondrea.

"Nitalazimika kuandika umekataa," alisema Bi Vonetta. "Na ukiandikwa hivyo ukiwa mjamzito, sijui bima itasemaje. Sijui hata kiwanda kitasemaje. Nakuomba, mwanangu."

"Andika."

"Ondrea."

"Andika, Bi Vonetta, si ndiyo kazi yako? Ila andika yote. Andika kwamba nilikuja mwenyewe kwa miguu yangu, mtoto akiwa hai tumboni, nikaomba dawa yake, mkanitolea ya ugonjwa nisio nao. Na tarehe ya leo uiandike kubwa, ili akifa wasije kuniuliza mimi nililala na nani."